Droni Inapinduka, Helikopta Inazungusha Mkia: Jinsi ya Kulitafuta Kosa

Zamani helikopta ya rimoti ilikuwa mchezo wa mwenye pesa na subira ya miezi. Betri za lipo (lithiamu-polima), mota zisizo na brashi na sensa za aina ileile iliyomo kwenye simu zilipoanza kushuka bei, mambo yakageuka. Kampuni ya DJI ilipotoa droni ya Phantom mwaka 2013, mtu aliweza kuifungua kwenye boksi asubuhi na kuirusha jioni. Leo droni ndogo zinauzwa hata kwenye maduka ya vitu vya watoto. Mafundi wake ndio bado wachache, kwa hiyo mwenye chombo hana budi ajifunze kukitibu mwenyewe.

Anayeanza hukosea kwa kukimbilia kompyuta. Chombo kikiyumba kidogo anafungua programu na kugeuza namba, kumbe propela ina ufa au skrubu imelegea. Anza na propela, kisha skrubu, betri, waya, halafu rimoti. Programu iwe ya mwisho. Na badilisha kitu kimoja tu kwa kila jaribio: ukibadilisha vitatu kwa pamoja na chombo kikapona, hutajua dawa ilikuwa ipi.

Vifaa vinavyotosha ni bisibisi za pembe sita za milimita 1.5, 2.0 na 2.5, spana ya milimita 8 kwa nati za propela za inchi 5, testa ya umeme, kipima seli cha betri, utepe wa rangi na propela za akiba. Mezani propela zitolewe kabla betri haijachomekwa. Mota inaweza kushtuka yenyewe ukiwa umeinama juu yake, na propela ya inchi 5 hukata kidole hadi mfupani.

Mota hazizunguki

Kwa droni ya kuchezea, tazama kwanza taa zake. Zikimeta bila kukoma, droni haijashikana na rimoti. Zima vyote viwili, washa droni na uiweke mahali palipo sawa, kisha washa rimoti. Modeli nyingi hutaka upandishe kijiti cha kasi hadi juu na kukirudisha chini ndipo zikubali. Taa zikiwaka sekunde moja na kuzima, betri ndiyo inayoanguka mara tu inapodaiwa umeme. Testa inaweza kuonyesha volti 3.9 betri ikiwa imepumzika na bado betri hiyo ikawa imekufa, kwa hiyo ipime huku chombo kimewashwa.

Kwa droni ya kujengwa inayotumia Betaflight, ile programu inayoendesha bodi ya droni, usibahatishe. Bodi yenyewe inajua kwa nini imekataa. Chomeka waya wa USB, fungua ukurasa wa CLI, yaani wa kuandikia amri, andika status, na usome mstari wa mwisho unaotaja vizuizi. RXLOSS ni kwamba risiva haisikii rimoti. THROTTLE ni kwamba kijiti cha kasi hakijafika chini, na kwa kawaida thamani yake inatakiwa iwe chini ya 1050. ANGLE ni kwamba chombo kimeinama kupita nyuzi 25, jambo la kawaida ukiiweka droni kwenye majani marefu. ARMSWITCH inakuambia kuwa swichi ya kuwashia mota ilikuwa tayari imewashwa ulipochomeka betri; izime kisha uwashe upya. MSP huonekana kwa sababu tu umeunganishwa na kompyuta, usiihangaikie.

Kama umetoka kulehemu, usichomeke betri moja kwa moja. Chukua balbu ya gari ya volti 12, wati 21, uiunge katikati ya waya chanya, betri upande mmoja na droni upande wa pili. Balbu ikimulika mara moja na kuzima, ni kapasita tu zilizokuwa zikijaa, endelea. Ikiwaka na kubaki inawaka, kuna waya zilizogusana, na balbu hiyo imekuokolea bodi. Mbinu hii inafaa kwa betri za seli 3 au 4. Kwa seli 6 balbu inaweza kuungua.

Inapinduka papo hapo inapotaka kupaa

Hii ndiyo dalili inayowaumiza wengi, hasa siku ya kwanza baada ya kujenga au kubadilisha mota. Usiendelee kuijaribu ukitumaini itajirekebisha, kila pigo linavunja propela mpya. Vyanzo ni vinne, na mara nyingi jibu ni cha kwanza.

Cha kwanza ni propela kukaa mahali pasipo pake. Kwenye droni za kuchezea zimeandikwa A na B: A mbili zinakaa kwenye pembe zinazotazamana kimshazari, na B vivyo hivyo. Kama maandishi yamefutika, angalia umbo. Ukingo wa propela ulioinuka juu ndio unaotakiwa kutangulia mota inapozunguka. Ukiutelezesha mkono kinyume cha mwelekeo wa mzunguko, mkono ukutane na ukingo wa juu kwanza.

Cha pili ni mota kuzunguka kinyume. Kwa mpangilio wa kawaida wa Betaflight, mota ya mbele kushoto na ya nyuma kulia huzunguka kama mishale ya saa, hizo nyingine mbili kinyume chake. Zungusha kila mota peke yake kutoka kwenye kompyuta, propela zikiwa zimetolewa, na uiguse pembeni kwa kipande cha karatasi uone inakitupa upande gani. Mota isiyo na brashi hugeuzwa kwa kubadilishana waya mbili zozote kati ya tatu, au kwa kugeuza mwelekeo kwenye mpangilio wa ESC, ile bodi ndogo inayolisha mota umeme.

Cha tatu ni namba za mota kuchanganyika. Mota ya 1 ni ya nyuma kulia, 2 mbele kulia, 3 nyuma kushoto, 4 mbele kushoto. Ukiamuru 1 na ikazunguka 4, bodi inaongeza nguvu pembe isiyoinama, na chombo kinajipindua kwa nguvu zake chenyewe. Hakuna kiasi cha kurekebisha kwa vijiti kitakachosaidia hapo.

Cha nne ni bodi kufungwa ikiwa imegeuzwa bila kuiambia programu. Shika droni mkononi ukitazama picha yake kwenye kompyuta: ukiinamisha pua mbele, na picha iinamishe pua mbele. Ikiinama pembeni, rekebisha nyuzi za mwelekeo wa bodi, 90, 180 au 270.

Inapaa lakini inavutwa upande mmoja

Iweke mahali palipo sawa kabisa, hata sahani ya kioo mezani, na usawazishe sensa upya. Droni nyingi za kuchezea hufanya hivyo ukivuta vijiti vyote viwili kwenye pembe moja ya chini kwa sekunde chache mpaka taa zimete. Isiposaidia, tazama shafti za mota. Nywele na nyuzi za zulia hupenda kujisokota chini ya propela, na mota ikishakabwa inapoteza nguvu bila kelele yoyote. Zitoe kwa kibanio.

Mota zenye brashi huchakaa baada ya saa chache tu za kuruka. Si ubovu wa kiwanda, brashi ndogo zile zinalika. Kuthibitisha mota iliyochoka, ibadilishane nafasi na mwenzake wa kimshazari, siyo wa jirani, kwa sababu wa jirani anazunguka kinyume. Rangi za waya zitakuongoza: kwa kawaida nyekundu na bluu ni upande mmoja wa mzunguko, nyeupe na nyeusi ni upande mwingine. Mvuto ukihamia pembe mpya, mota ndiyo mbovu. Ukibaki palepale, kosa liko kwenye bodi au mkono wa fremu umepinda.

Inatetemeka, mota zinachemka, picha inacheza kama jeli

Toa propela zote na uzitazame ukingoni dhidi ya mwanga. Mkwaruzo mdogo kuliko punje ya mchele unatosha kutikisa chombo kizima. Zinazouzwa kwa bei ya chini usizinyooshe kwa mkono, tupa. Kisha kaza skrubu za mota na uzungushe kila mota kwa kidole: ikikwaruza au ikiwa na mchezo wa kupanda na kushuka, beringi zimekwisha.

Kuna kosa moja linaloua mota mpya bila mwenyewe kuelewa, nalo ni skrubu ndefu kupita kiasi. Skrubu ya M3 ikipenya mkono wa fremu na kufika kwenye nyaya za shaba ndani ya mota, inachubua rangi yake na kuleta shoti, na mara nyingi ESC inaungua pamoja nayo. Geuza chombo utazame ndani ya mota kwa tochi. Lazima uone nafasi kati ya ncha ya skrubu na shaba.

Vyote vikiwa sawa, ruka kwa kuelea sekunde 30 tu, tua, na uguse mota. Zikiwa moto kiasi kwamba huwezi kuweka kidole sekunde tatu, sasa ndiyo uiendee programu: punguza namba ya D kwenye ukurasa wa PID kidogokidogo, maana ikiwa juu inaufanya mtikisiko mdogo uwe amri kwa mota, na mota hutumia umeme wote kupigana na kelele.

Betri inaisha haraka au chombo kinaanguka ghafla

Zijue namba hizi kwa kila seli: 4.20 imejaa, 3.80 hadi 3.85 ni ya kuhifadhia, 3.5 ikiwa bado inaruka ni wakati wa kutua. Ikishuka chini ya 3.0 imeumia. Betri ya seli 4 iliyojaa ni volti 16.8, ya seli 6 ni 25.2. Pima kila seli peke yake, kwa sababu jumla inaficha ugonjwa: 16.2 inaweza kuwa seli nne za 4.05, au tatu zilizojaa na moja iliyoporomoka hadi 3.6. Seli moja ikiachana na wenzake kwa zaidi ya volti 0.1 kila baada ya kuruka, betri hiyo haifai tena kwa chombo kizito.

Chaji kwa kiwango cha 1C, yaani mara moja ya ujazo wa betri: betri ya mAh 1500 kwa ampea 1.5, ya mAh 500 kwa ampea 0.5. Iliyotoka kuruka ikiwa moto, iache ipoe kabla ya kuichomeka. Na usiiache imejaa ndani ya gari lililoegeshwa juani Dar es Salaam au Mombasa. Joto na volti 4.20 kwa pamoja ndivyo vinavyoivimbisha. Betri iliyovimba haipasuliwi wala haibanwi irudi. Ipeleke nje, iunge na balbu ndogo mpaka volti zifike sifuri, kisha iondoe. Ndoo ya mchanga mkavu iwe karibu kila unapochaji.

Usiamini sana namba ya C iliyoandikwa kwenye karatasi. Betri ya mAh 1500 inayojiita 100C inadai kutoa ampea 150, wakati plagi ya XT60 iliyofungwa juu yake imetengenezewa ampea 60 mfululizo. Kipimo cha haki ni kuangalia volti zinaporomoka kiasi gani unapopandisha kasi yote.

Na kama chombo kilichokuwa kizuri pwani kinaonekana kizito Nairobi, si lazima kiwe kimeharibika. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko ya pwani. Ili kubeba uzito uleule, mota zinalazimika kuzunguka karibu asilimia 8 au 9 zaidi, na dakika 10 za kuelea Mombasa zinakuwa 9 na kitu. Punguza mzigo, tua mapema, basi.

Rimoti inapoteza mawasiliano

Kwa mfumo wa 2.4 GHz, sehemu ya antena inayofanya kazi ni zile milimita 31 za mwisho zilizo wazi. Propela ikizikata, umbali unapungua kutoka kilomita hadi mita kadhaa bila dalili nyingine yoyote. Usifunge antena juu ya mkono wa fremu: kaboni inazuia mawimbi karibu kama bati. Itoke nje, mbali na betri.

Kwa ExpressLRS, mfumo mmojawapo wa mawasiliano ya rimoti, isiyokubali kuunganika, linganisha matoleo. Toleo la 2 na la 3 hayaelewani hata nenosiri la kuunganishia likiwa lilelile. Kama hujaweka nenosiri, chomeka na kuchomoa umeme wa risiva mara tatu mfululizo mpaka taa ianze kumeta mara mbilimbili, kisha amuru rimoti iunganishe. Halafu zima rimoti huku mota zinazunguka bila propela. Zikiendelea kuzunguka, mpangilio wa dharura haujakaa sawa, na chombo hicho hakistahili kupaa.

Droni ya GPS inachora duara badala ya kutulia

Ukiacha vijiti nayo ikaanza kuzunguka mahali pamoja huku duara likipanuka, dira ndiyo inayodanganya. GPS inasema chombo kimesogea kaskazini, dira iliyopotoka inakitafsiri vingine, na kila marekebisho yanaenda pembeni ya lengo. Shuka kwa mkono mara moja, usisubiri. Chanzo kwa kawaida ni mahali ulipoirushia: paa la zege lenye nondo, boneti ya gari, karibu na mabati. Nenda uwanja wa udongo, weka simu mbali na ulandanishe dira hapo. Kama duara halikomi, angalia waya nene za betri zisipite chini ya dira.

Droni inayoyumba ikiruka karibu na maji ni jambo lingine. Kamera yake ya tumbo hujishikiza kwa alama za ardhini; mawimbi yanapotembea, nayo inayafuata. Panda juu zaidi au uzime sensa hizo kama modeli inaruhusu. Na ikikataa kabisa kuwasha mota karibu na uwanja wa ndege, huenda eneo hilo limefungwa ndani ya programu yake. Hapo tatizo ni la kibali, na wa kuulizwa ni mamlaka ya usafiri wa anga: KCAA kwa Kenya au TCAA kwa Tanzania.

Picha ina mistari au inakatika

Mistari inayoongezeka unapopandisha kasi ni kelele za mota zinazopita kwenye umeme. Lehemu kapasita ya mikrofaradi 470 hadi 1000, volti 35 kwa seli 4 na 35 au 50 kwa seli 6, pale betri inapoingia. Mstari uliochorwa ubavuni ni upande hasi; ukiigeuza inalipuka. Picha dhaifu kwa umbali mdogo: hakikisha antena zote mbili, ya kurushia na ya kupokea, ni za mawimbi yanayozunguka upande mmoja, zote za kulia au zote za kushoto. Kirushia picha hakiwashwi kamwe bila antena, na mezani bila upepo kinachemka ndani ya dakika chache.

Helikopta

Helikopta haisamehe kama droni. Sehemu zinazosogea ni nyingi, na kila moja ikiwa na mchezo kidogo, jumla yake ni mtikisiko.

Mkia ukizunguka kwa fujo mara inapoinuka, jairo, ile sensa inayoutuliza mkia, inasahihisha kinyume. Jaribu bila kuzungusha mapanga: sukuma kijiti cha mkia kulia na ukariri kitelezi cha mkia, kile kinachogeuza pembe ya mapanga madogo, kinaenda wapi. Kisha shika helikopta na ugeuze pua yake kushoto ghafla kwa mkono. Kitelezi kiende upande uleule. Kikienda kinyume, geuza mwelekeo wa jairo. Kama ni sawa na bado inazunguka, huenda mkanda wa mkia ulipotoshwa upande usio wake ulipofungwa, na mapanga madogo yanazunguka kinyume.

Mkia unaotikisika harakaharaka kama wa mbwa: punguza nguvu ya jairo hatua moja baada ya nyingine. Unaoteleza polepole bila kurudi: nguvu ni ndogo, au mkanda umelegea, au kiungo cha servo, ile mota ndogo inayosukuma kitelezi, kinakwama. Ng'oa kiungo kwenye servo usukume kitelezi kwa kidole. Kinatakiwa kitembee bila kung'ang'ania popote.

Mtikisiko wa kasi, unaofanya ncha ya mkia ionekane na ukungu, hutoka mkiani, kwa sababu panga la mkia huzunguka mara kadhaa kwa kila mzunguko mmoja wa panga kuu. Mtikisiko mzito unaotingisha miguu hutoka juu. Bandika utepe wa rangi kwenye ncha ya panga moja kuu, simama mbali ukiwa umevaa miwani ya kinga, na mwenzako aikaribishe kasi ya kuelea. Ukiona duara mbili badala ya moja, rangi itakuambia panga lipi linapita juu. Zungusha kiungo chake nusu mzunguko hadi mmoja, ujaribu tena. Mapanga yakiungana na mtikisiko usiishe, toa ile shafti ndogo inayoshika mapanga na uibiringishe juu ya kioo. Baada ya kuanguka hupinda hata kama jicho halioni.

Gia kuu ikipiga kelele, pitisha ukanda wa karatasi ya daftari kati yake na gia ya mota wakati unakaza skrubu. Ukiutoa, karatasi iwe na mikunjo lakini haijachanika. Skrubu zote za chuma ndani ya chuma zipate tone la Loctite 243, dawa ya kuzuia skrubu kulegea, isipokuwa penye plastiki, kwa sababu dawa hiyo inaweza kuipasua.

Kimeanguka baharini

Chomoa betri kabla ya kukausha chochote, maana chumvi yenye umeme hula shaba kwa dakika. Suuza chombo chote kwa maji baridi yasiyo na chumvi, mara mbili, tatu. Kisha osha bodi kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi ukitumia mswaki laini, na ukaushe kwenye upepo siku mbili. Mchele hautoi chumvi. Mota zizungushwe kwa kidole na beringi zipewe tone la mafuta mepesi. Betri iliyolowa maji ya bahari hairudishwi kwenye chombo wala kwenye chaja, hata kipima seli kikionyesha zote ziko sawa. Iweke nje ya nyumba, juu ya mchanga, mbali na kitu kinachowaka, kwa sababu inaweza kuanza kufuka moshi saa kadhaa baadaye.